Nyota Nilizozifanya Kijani

Mwaka ule nilifika Kolwezi juma moja kabla ya Noeli nikiwa na nia moja tu: kumchukua binti yangu.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu alipokuwa na mitatu alilelewa na dada yangu mkubwa, katika nyumba ileile ya matofali tuliyokulia sisi, na mimi nilikuwa barabarani. Nilikaa Dilolo nikiuza samaki wa chumvi waliovuka mpaka. Nilikaa Lubudi nikinunua mahindi karibu na reli. Likasi kidogo, Kasumbalesa kidogo, kisha tena Dilolo. Kila mahali nilisema hapa ndipo, na kila mahali, baada ya mvua mbili au tatu, nilianza kuusifu mji niliouacha mbele ya watu wa mji nilioufikia, mpaka wao wenyewe wakachoka na kuniambia nirudi basi huko.

Sasa nilikuwa Fungurume. Nilipanga vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori, nikawa nawapikia madereva bukari, ugali wa kwetu, na maharagwe, na kwa mara ya kwanza maishani nikanunua kitanda cha pili. Kitanda hicho kilikuwa cha binti. Sikuwa nimemwambia mtu.

Dada yangu, ambaye huku kwetu tunamwita yaya kwa kuwa ndiye mkubwa, alinipokea mlangoni mwa jiko la nje huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Sikungoja hata kuketi.

"Yaya, safari hii minakuya kumubeba mutoto. Akuye akae na mi kule Fungurume."

Hakuacha kutwanga. "Mutoto ni wako. Mi sikumuzaa. Lakini iko na kinywa chake, utamuuliza yeye mwenyewe."

"Nitamuuliza leo."

"Apana leo. Acha tule Noeli kwanza. Akiitika, muzuri. Akikatala, angalau tutakuwa tulisha kula."

Binti alitoka kisimani na ndoo kichwani, akaitua, akanisalimia kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Jambo, mama mudogo."

Hilo nalo lazima nilieleze. Kwa desturi yetu mdogo wa mama yako ni mama mdogo, na watoto wa yaya wananiita hivyo, ndiyo haki yangu kwao. Binti alikua katikati yao, akamwita yaya mama, akaniita mimi kama walivyoniita wengine. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Lakini kila alipolitamka jina hilo nilihisi kama mtu aliyeketishwa kwenye kiti cha wageni katika nyumba ya baba yake.

Niliingia sebuleni. Juu ya kabati kulikuwa na girlandi ya plastiki, ile ya taa ndogondogo nyekundu na buluu zinazokonyeza, na mti wa plastiki usiofika magotini.

"Nyota za mama ziko wapi?" niliuliza.

"Wezi," alisema yaya kutoka nje. "Huu ni mwaka wa pili. Tulikuwa ku misa. Balikamata waya ya umeme ya jiko, balikamata sufuria ya shaba, balikamata na nyota. Bible balituachia."

Basi nikajua nitafanya nini. Nisingeweza kuuliza swali langu mikono mitupu, chini ya taa za plastiki. Ningemtengenezea binti Noeli ya nyumba hii kama nilivyoijua mimi, nyota zote, kisha ningemuuliza.

Baba yetu alikuwa fundi katika karakana ya umeme ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kufungua mota zilizoungua, kutoa waya wa zamani, na kuzisuka upya kwa waya mpya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, siku nzima. Waya ulioungua ulitupwa, na mwisho wa mwaka mkubwa wa karakana alimruhusu kila fundi aondoke na konzi moja. Mama aliukunja waya mnene ukawa kiunzi cha nyota yenye ncha tano, kisha kwa waya mwembamba akasuka katikati, nyuzi zikipishana kama utando. Zilitundikwa kwenye tawi la msiprasi lililosimamishwa katika ndoo ya rangi iliyojazwa kokoto. Nilizikumbuka vizuri sana. Nilizikumbuka zikiwa za kijani, kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba, kana kwamba zilichimbwa ardhini zikiwa hivyohivyo. Nimeisimulia rangi hiyo Dilolo, nimeisimulia Lubudi. Kuna wanawake wa soko la Kasumbalesa wasiojua jina la baba yangu lakini wanajua nyota zetu zilikuwa za kijani.

Kesho yake nikaenda kutafuta waya. Mtu asiyeijua Kolwezi atadhani ni jambo jepesi. Mji umekaa juu ya shaba, malori ya shaba yanapita mbele ya mlango mchana kutwa na kurusha matope mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na mimi nilizunguka asubuhi nzima nikikosa konzi moja. Utotoni tuliokota vipande vya waya njiani tukafanya magari. Sasa njia imefagiliwa. Kila kilicho chekundu kimeokotwa, kimepimwa, kimeuzwa.

Mwishowe nilielekezwa kwa fundi wa mota za vinu, kibandani karibu na soko. Alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Nilipotaja shaba aliacha kazi akanitazama viatu.

"Mama, unatafuta shaba ya nini?"

"Ya kutengeneza nyota."

Alimgeukia mwenzake. "Unasikia? Kolwezi muzima inatafuta cobalt, huyu mama anatafuta nyota."

"Ya Noeli," nilisema. "Baba yangu alikuwa anafanya kazi sawa yako."

Hapo alilegea kidogo. Alinipa waya wa mota moja ya kinu iliyoungua, mweusi bado kwa moto, na mwingine mnene wa vipande. Aliufunga katika gazeti, akaufunga tena katika mfuko wa unga. "Usibebe wazi. Polisi bakikukuta na shaba mu mukono, utabaeleza Noeli mpaka Pasaka."

Nilirudi nyumbani nikiukumbatia mfuko kama mwizi, katika mji niliozaliwa.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tuliweka meza chini ya paa la nyuma, mimi na binti, na nikaanza kumwonyesha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno: hapa bibi yako alikunja hivi, hapa akazungusha hivi. Nyota ya kwanza niliikunja vizuri, ncha tano, nikaiinua kwa uzi. Ikalegea. Ncha mbili za chini zikainama polepole mbele ya macho yetu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaikunja upya. Ikainama upya. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Shemeji, mume wa yaya, alikuwa anapita na gazeti kichwani kujikinga na mvua. Akasimama.

"Shemeji, ile ni nyota ao ni buibui alilewa?"

"Nenda zako," nikamwambia.

"Minauliza tu. Kama ni buibui, ni muzuri sana."

Binti hakucheka. Aliuchukua waya, akaupitisha kati ya vidole. "Mama mudogo, hii waya bado kuvutwa."

"Kuvutwa namna gani?"

Alifunga ncha moja kwenye chuma cha dirisha, akaishika nyingine kwa koleo, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka waya ukanyooka, kisha akaegemea kwa uzito wake wote, kisigino ardhini. Waya ukalia kidogo, ukatulia. Alipoufungua ulikuwa mgumu kama chuma cha mwavuli.

"Moto inalegeza shaba," alisema. "Ukiivuta, inapata nguvu."

"Nani alikufundisha?"

"Nkambo."

Nkambo ni babu yake, yaani baba yangu. Aliishi miaka kadhaa baada ya mama kufa, na katika miaka hiyo yeye ndiye aliyekaa na mjukuu mezani. Nilitaka kufurahi. Badala yake nilisema, "Ndiyo, hata mimi alinifundisha, nimesahau tu." Haikuwa kweli. Baba hakunifundisha kamwe, na kama angejaribu asingenikuta nimekaa. Binti alinitazama mara moja, akafunga waya mwingine dirishani.

Tulifanya kazi siku mbili. Yeye alivuta na kukunja, mimi nikasuka katikati, na hata kusuka kulinishinda. Waya mwembamba ulikatika kila nilipokaza, na nilipolegeza ulijikunja mafundo. Vidole vyangu vilijaa mikato midogo isiyoonekana lakini inayouma ukigusa chumvi. Binti hakulalamika. Alisuka upya nilizoharibu, kimya, bila kunionyesha kuwa anazisuka upya, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenisema.

Aliongea siku ya pili tu.

"Kule Dilolo kuko nini?"

Nikamsimulia. Gari la moshi linalongojwa siku nzima, wanawake wa ng'ambo wenye vitambaa vizito, samaki waliokauka wakawa wagumu kama vibao. Nilisimulia vizuri. Hiyo ndiyo kazi niijuayo.

"Na juu ya nini ulitoka?"

"Kazi iliisha."

"Na Lubudi?"

Nikamsimulia Lubudi, mashamba, ukungu wa asubuhi juu ya reli.

"Na kule, juu ya nini ulitoka?"

"Kule pia kazi iliisha."

Alikata kipande cha waya. "Kazi yako inaishaka sana, mama mudogo," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua ya mwaka huu ni nyingi.

Nilitaka kumuuliza palepale. Nilikuwa na kitanda mdomoni. Lakini nilikuwa nimeahidi kungoja, na zaidi ya hayo nyota zilikuwa bado hazijawa nyota zangu. Zilikuwa nyeusinyeusi, zenye madoa ya moto. Nikajiambia: ngoja zipate rangi. Akiziona kijani, atajua kwamba nami nilikuwa mtoto wa nyumba hii.

Wakati ule wa Likasi nilipanga jirani na mwanamke aliyeuza picha za shaba iliyofuliwa, zile za kutundika ukutani. Wateja walitaka zionekane za kale, naye alikuwa na njia yake. Unachukua unga wa mbao kwa seremala, unaulowesha kwa siki na chumvi, unafukia shaba humo katika ndoo yenye kifuniko, unangoja siku tatu. Nikafanya hivyo kwa siri. Binti alipouliza nyota zimekwenda wapi nilimwambia atulie, ataona. Ndoo niliificha nyuma ya gunia la mkaa katika jiko la nje.

Yaya aligundua siku ya kwanza.

"Nani alikunywa vinegre yangu?"

"Nitakununulia ingine."

"Ile ilikuwa ya kuku ya Noeli! Na hii harufu ni ya nini mu jiko yangu? Kitu kilikufa?"

"Yaya, acha. Ni surprizi."

"Surprizi yenye inanuka hivi, mi naiogopa," alisema, akaenda kuazima siki kwa jirani.

Kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nilikata tawi la msiprasi mwenyewe, nikalisimamisha katika ndoo ya rangi, nikaiondoa girlandi ya plastiki kabatini nikaitia katika droo. Watoto wadogo wa yaya walilia. Niliwaambia wangojee, wataona Noeli ya kweli.

Tarehe ishirini na nne, mchana, mvua ilipopumzika, nilifungua ndoo. Zilikuwa zimekubali. Nilizipangusa unga wa mbao kwa brashi ya viatu, na chini yake kulikuwa na kijani kilekile, kinachofifia kuelekea buluu kwenye mikunjo. Nilizitundika kumi na nne, nikasogea nyuma. Niliiona sebule ya zamani, mama kwenye kiti chake, mwanga wa dirisha.

Nikawaita.

Walikuja wote, yaya na mikono yenye unga, shemeji, watoto, na binti nyuma yao. Wakasimama. Shemeji, ambaye hakukosa mzaha tangu nilipomjua, alivua kofia.

Binti alisogea. Aligusa nyota moja kwa ncha ya kidole, akatazama unga wa kijani uliobaki kidoleni. Kisha akamgeukia yaya, si mimi.

"Mama," alisema, "zilikufa."

"Nini zilikufa?" niliuliza. "Hizi ndizo! Hizi ndizo nyota za mama!"

Yaya alipangusa mikono polepole kwenye kitenge. "Mudogo yangu, ulizifanya nini?"

"Nilizirudishia rangi yake."

"Rangi gani?"

"Kijani! Zilikuwa za kijani!"

"Zilikuwa nyekundu," alisema yaya. "Zilikuwa zinawaka sawa moto. Kila mwaka baba alikuwa anakuya na ndimu mu mufuko, tunazisugua na chumvi, wote, mpaka jirani anauliza kama tuliweka taa. Baba kuona kijani ku shaba? Mu nyumba yake? Shaba ya kijani imekufa, njo vile alikuwa anasema. Mota ikionyesha kijani ndani, imekwisha, hata usijaribu."

"Mi nilikuwa mutoto mu hii nyumba. Mi najua nyota za mama yangu."

"Ulikuwa mutoto, ndiyo. Na kazi ya kusugua ulikuwa unaikimbia. Ulikuwa unasema ndimu inauma bidole."

"Nilizionaka za kijani kwa macho yangu!"

"Ulizionaka," alisema yaya, na hapa sauti yake ilishuka, kwa sababu hakuwa anataka kunishinda. "Mara moja. Noeli ya mwisho ya mama. Alikuwa analala pale." Alionyesha mlango wa chumba. "Hakuna mutu mu nyumba alikuwa na mikono ya kusugua ndimu. Baba alizitundika vile zilitoka mu karto yenye zililala mwaka muzima, hakuziangalia hata. Ulikuya siku tatu. Ulilia, ulikula, ulirudia Dilolo."

Nilitaka kumpinga. Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu zangu kutafuta hata nyota moja nyekundu, na sikuipata. Noeli zote za utoto wangu zilikuwa za kijani, na sasa nilijua zilitoka wapi. Nilikuwa nimeuchukua mwaka ule mmoja, mwaka mbaya kuliko yote, nikautundika katika miaka yangu mingine yote, nikatembea nao mji kwa mji nikiuita nyumbani.

Nilisema mambo ya kijinga. Nilisema wao ndio walioacha nyota zikaibiwa. Nilisema kama si mimi wangekula Noeli chini ya plastiki. Nilisema hakuna aliyeniambia, na yaya akajibu kwamba hakuna aliyejua mji wa kunitafutia. Mtoto mdogo alianza kulia tena na shemeji akamtoa nje.

Niliporudi kuzitazama, binti alikuwa anazishusha. Moja moja, kwa uangalifu, akizipanga juu ya sinia. Alikwenda jikoni akarudi na ndimu na kisahani cha chumvi. Aliketi chini, akakata ndimu katikati, akaanza kusugua. Yaya akaketi upande wake. Mikono yao ilijua.

Binti alinyoosha nusu ndimu kuelekea kwangu bila kuinua macho.

Nikaketi. Nikachovya chumvi, nikasugua. Juisi iliingia katika mikato yote ya siku mbili, na machozi yakanitoka, na sikuweza kusema ni ya nini. Kijani kiliyeyuka kwa kasi ya kunidhihaki. Siku tatu za kungoja, na ndimu moja iliziosha nyota mbili. Chini yake shaba ilitoka nyekundu, nzuri, sikatai. Kila mtu aliyekuja kutusalimia Noeli alisimama mbele yake akasema eh! Mimi nilikuwa naziona kama nyota za nyumba ya jirani. Na juu ya kabati shemeji alirudisha girlandi ya plastiki kwa ajili ya watoto, ikakonyeza jioni nzima kila umeme uliporudi.

Swali langu niliuliza siku ya Noeli yenyewe, baada ya chakula. Binti alikuwa anaosha sahani uani, juu ya jiwe la kufulia. Nilichukua kitambaa nikawa nazikausha. Nilikuwa nimepoteza maneno yote mazuri, kwa hiyo nilisema tu.

"Kule Fungurume niko na byumba mbili. Nilinunua kitanda yako. Minataka ukuye ukae na mi."

Alisuuza sahani. "Iko na matela?"

"Iko na matela, godoro mupya."

"Masomo iko mbali?"

"Si mbali. Unavuka barabara."

"Barabara ya malori?"

"Ndiyo, ya malori. Lakini nitakuvusha."

"Mi niko na miaka kumi na tano, mama mudogo." Alitabasamu kidogo. Halafu akasimama na sahani mkononi, maji yakitiririka, na niliona anatafuta namna ya kusema kitu bila kunivunjia heshima. "Sitakuya sasa. Niko na masomo, na mama atabaki na batoto peke yake. Nitakuya kongé ya Pasaka, masomo ikifungwa. Nione."

"Uone nini?"

"Nione kule." Akashusha macho. "Kama ungali kule."

"Niko kule! Nitaenda wapi?"

Alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akafunika mdomo kwa mkono wenye povu. Kutoka jikoni nilimsikia yaya naye akicheka, maana alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. Nami nilicheka, ningefanya nini? Kisha nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo niliyopanda nayo gari kesho yake, nikiwa nimebanwa kati ya gunia la mkaa na mwanamke mwenye kuku wawili. Mtoto wangu hakunikatalia. Hakunikubalia. Alinipa sharti, jambo moja tu ambalo mtu yeyote mwenye akili anaweza kulifanya akiwa amelala: kukaa mahali.

Sasa ni mwezi wa pili. Sijawahi kuuchukia mji kama ninavyoichukia Fungurume. Vumbi lake, matope yake, madereva wanaotaka maharagwe bila kitunguu. Kila lori linaloelekea magharibi naliona kama linaniita kwa jina. Na nimeanza tena kuisifu Lubudi, najisikia mwenyewe nikiisifu, ukungu ule juu ya reli, na najua kabisa kwamba Lubudi nilipatwa na malaria mara tatu na kuibiwa mizani.

Kila Jumapili baada ya misa binti ananipigia kwa simu ya yaya. Haongei sana.

"Mama mudogo, uko wapi?"

"Niko Fungurume."

"Sawa." Ananiambia alama zake za masomo, ananipa salamu za yaya, anakata.

Jumapili iliyopita simu ililia nikiwa kwenye maegesho. Dereva mmoja alikuwa anakwenda Dilolo, alikuwa na nafasi mbele, na samaki mwezi huu ni wengi. Tulikuwa tumekwisha elewana. Siku nne tu, nilikuwa nimejiambia, kwenda na kurudi. Mfuko wangu ulikuwa tayari miguuni pake, na mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya mlango wa lori.

"Mama mudogo, uko wapi?"

Injini ilikuwa inanguruma. Bila shaka aliisikia.

"Niko Fungurume," nilisema. Bado ilikuwa kweli.

Hakusema sawa. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake watoto wa yaya wakigombania kitu.

"Mama, unapanda ao haupandi?" aliuliza dereva.

Nilimwambia anipe mfuko wangu. Aliniuliza nini kimetokea, nikamwambia hakuna, nipe mfuko. Akanitupia, akasema wanawake wa maharagwe hawana msimamo. Nilimtukana mpaka lori likageuka kona, simu ikiwa bado wazi sikioni.

"Sawa," binti alisema. "Nilipata kumi na sita juu ya makumi mbili ku jeografia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mfuko begani, nikiwa na hasira njia nzima.